Paka mdogo hawapi mbwa wangu wazee nafasi ya kupumua

Shikamoo shangazi,

Nakuandikia nikiwa nimechoka kuamua ugomvi. Nina mbwa wawili na paka mmoja, na huyo paka, ambaye hata kilo mbili hajafikisha, ndiye aliyefanya nyumba nzima isikalike.

Bosi ni dume, mkubwa wa umbo, ana miaka 12. Tulikuwa naye kabla hata mwanangu wa kwanza hajazaliwa, na upole wake kila anayetutembelea anausifia. Siku hizi akitaka kuinuka huanza na miguu ya mbele, akasita kidogo, ndipo ya nyuma ifuate. Jicho lake la kushoto limeanza kuingia ukungu. Nyota ni jike, ana miaka 9, mdogo kuliko Bosi na bado mwepesi. Hao wawili wanapatana vizuri, hula bega kwa bega na kulala wameegemeana.

Ndipo akaja Cheche. Paka wa jirani alizaa, watu wakagawiwa watoto, nasi tukapata huyu akiwa na wiki tano hivi. Sasa anakaribia miezi minne. Mkia wa Bosi ndio umekuwa kazi yake ya kutwa. Bosi akijilaza tu, Cheche anajibanza nyuma ya mguu wa kiti, anashusha kifua, anatikisa makalio, na huyoo, ameshauning'inia. Akishachoka na mkia anapanda mgongoni na kung'ata masikio. Bosi hugeuza uso pembeni, hujilamba pua, hupiga miayo, mwisho anainuka kwa taabu na kuhamia kona nyingine. Cheche naye yuko nyuma yake.

Siku za karibuni Bosi ameanza kunguruma. Juzi alfajiri nilisikia kishindo, nikakimbia, nikamkuta Bosi amesimama meno nje, na Cheche amejikunja chini ya meza, manyoya yamemsimama. Alikuwa amerushiwa meno, lakini hakuwa na hata mchubuko. Mume wangu akamfokea Bosi na kumtoa nje. Mimi roho iliniuma, maana kwa ninavyoona mchokozi si Bosi.

Nyota hana ugomvi na mtu. Hangurumi, habweki, anamtazama tu Cheche. Cheche akikimbia, Nyota hukakamaa, masikio mbele, anatetemeka kwa mbali, na ukimwita ni kama hakusikii. Mara moja alimkimbiza mpaka chini ya kabati. Watoto walicheka sana, wakasema hatimaye wameanza kucheza.

Nina maswali mengine madogo. Cheche anapenda chakula cha mbwa kuliko chake, basi tumeacha ale nao. Je, kuna ubaya? Halafu ana viroboto, na ninayo chupa ya matone ya viroboto ya Bosi iliyobaki nusu. Nilifikiri nimpake tone moja tu kwa kuwa ni mdogo. Na Bosi nilitaka kumpa nusu ya vidonge vya maumivu tunavyomeza sisi, labda miguu itapata nafuu.

Mume wangu anasema paka arudi alikotoka. Mama mkwe anasema tuwafungie wote watatu chumba kimoja usiku mmoja, kukicha watakuwa wamezoeana. Mimi sitaki kumpoteza yeyote. Nifanyeje?

Mama wa watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na hiyo chupa, mengine yatasubiri. Usimpake Cheche hata tone moja. Dawa nyingi za viroboto za mbwa zina kiua wadudu kiitwacho permethrini. Mbwa huimudu, lakini ini la paka haliwezi kuivunja ipasavyo, hivyo hubaki mwilini na kushambulia mishipa ya fahamu. Paka aliyepakwa huanza kutetemeka, kuyumba na kutokwa udenda, kisha degedege, na anaweza kufa. Si suala la kupunguza kipimo. Hata kumlamba au kujilaza juu ya mbwa aliyetoka kupakwa kunaweza kumdhuru, kwa hiyo ukiwapaka mbwa wako dawa ya aina hiyo usiwaache karibu na Cheche. Mimi ningeachana nayo kabisa na kumwomba daktari wa mifugo dawa ambayo mbwa wanaweza kutumia katika nyumba yenye paka, na nyingine ya paka, inayolingana na uzito wa Cheche. Na watibu wote watatu kwa wakati mmoja, la sivyo viroboto watahama tu kutoka mgongo huu kwenda ule.

Vidonge navyo virudishe kabatini. Ibuprofeni huchoma tumbo la mbwa na kuharibu figo, na parasetamoli si ya kumpa kwa kukisia. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka, kwa hiyo kikianguka sakafuni kitafute mpaka ukipate. Bosi anaweza kupata dawa ya maumivu iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kwa maelezo yako anaihitaji. Ila aandikiwe na daktari.

Sasa tumzungumzie Bosi mwenyewe. Umenieleza kila kitu bila kujua kuwa umeeleza. Kugeuza uso, kujilamba pua, kupiga miayo bila usingizi: hiyo ni lugha ya mbwa anayeomba aachwe. Alipoona haisikiki, akahama. Alipofuatwa, akanguruma. Kunguruma kulipopuuzwa, akarusha meno, na akarusha bila kugusa. Mbwa wa ukubwa wake akimkusudia paka aliye puani pake, usingemkuta Cheche bila mchubuko. Bosi alipanda ngazi yote, kidato kimoja baada ya kingine, akasimama kabla ya kile cha mwisho. Na zawadi yake ikawa kufokewa na kutolewa nje.

Mwambie mume wako huyo, kwa heshima zote, aache kumfokea mbwa anayenguruma. Ukimkaripia mara za kutosha utafanikiwa kuuzima mngurumo, hilo nakubali. Hasira na maumivu vitabaki palepale. Utakuwa umebaki na mbwa anayeuma bila kutoa taarifa, na huyo ndiye mbwa wa kuogopwa. Bosi akinguruma, kazi yenu ni moja: mwondoeni Cheche, taratibu, bila kelele. Bosi ataona kwamba taarifa yake imefika, na hatahitaji kupandisha sauti.

Kisha mpeleke akapimwe. Namna anavyoinuka, mbele kwanza na nyuma kwa kusitasita, inanionyesha nyonga au magoti yenye baridi yabisi, ambayo ni kawaida sana kwa mbwa wakubwa waliozeeka. Kwa mbwa kama huyo, paka anayemrukia kiunoni hamsumbui tu, anamuumiza. Ukungu wa jicho unaweza kuwa mtoto wa jicho, au ukawa ni ule ugumu wa lenzi unaokuja na uzee na usiozuia sana kuona. Daktari ataweza kutofautisha. Ila ningependa kujua Cheche huwa anamrukia kutoka upande gani. Mnyama asiyeona vizuri upande wa kushoto, akarukiwa usingizini kutoka upande huohuo, hushtuka kwa meno kabla hajajua ni nani. Sogeza kitanda chake leo hii, upande wa kushoto ubanwe na ukuta, ili kila anayemjia aonekane kwa jicho zima. Mvishe Cheche mkanda mwepesi wa shingoni wenye kengele ndogo, ule unaofunguka wenyewe ukinaswa mahali, ili Bosi asikie anapokuja.

Haya, mchokozi wetu.

Cheche si mtukutu wa kuzaliwa. Aliondolewa kwa mama yake na wiki tano, na hapo ndipo penye shida. Kipaka hujifunza ukomo wa meno yake kwa ndugu zake: akimng'ata mwenzake kupita kiasi, mwenzake analia na kuacha kucheza, na akimzidishia mama anapigwa kofi. Masomo hayo huendelea wiki nyingi baada ya kuacha kunyonya. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa paka karibu 6,000, wakaona kuwa walioachishwa mama kabla ya wiki nane walikuwa na ukali zaidi kuliko walioachwa wakae. Hao walishauri hata paka asubiri mpaka wiki 14. Basi Cheche amekuja kwenu hajamaliza shule, na mwalimu pekee aliyempata ni mzee mwenye kiuno kibovu ambaye hata kulia halii, anageuza uso tu. Cheche haielewi ishara hiyo. Kwake Bosi bado anacheza.

Na mchezo wa paka ni uwindaji, hakuna mwingine. Kunyemelea, kushusha kifua, kutikisa makalio, kuruka, kushika, kung'ata. Kitu chochote chembamba kinachosogea kidogokidogo kinamwamsha, na mkia wa mbwa anayesinzia hujitikisa hivyohivyo. Huwezi kuizima hamu hiyo kwa kumkemea. Utaweza kuielekeza kwingine, na hapo ndipo nataka uweke nguvu zako zote, maana ukilitatua hili nusu ya barua yako imekwisha.

Chukua fimbo ndefu kiasi, funga kamba, na mwishoni mwa kamba funga kipande cha kitambaa au unyoya. Usikizungushe usoni mwake kama feni. Kiburute sakafuni kikimkimbia, kipotelee nyuma ya mlango, kitulie, kijitikise kidogo, kitulie tena. Utaona mboni za macho zinatanuka na makalio yanaanza kwenda kushoto na kulia. Mwache aruke. Mara nyingine akose, mara nyingi apate. Dakika kumi hadi kumi na tano zinamtosha, na mara ya mwisho mwache akishike kabisa, akiume, akipige mateke kwa miguu ya nyuma. Hapohapo mpe chakula. Mwili wa paka umepangwa hivyo: awinde, ale, ajilambe, alale. Ukiufuata mpangilio huo atalala bila ya kumtafuta mtu.

Saa za kufanya hivyo usizichague kwa nafasi yako wewe. Paka huchangamka zaidi alfajiri na jioni, na wala sishangai kuwa kishindo ulikisikia alfajiri. Mchezeshe jioni, mchezeshe tena kabla hamjalala na umlishe, na asubuhi umtangulie kabla hajamtangulia Bosi. Mchana, mara moja au mbili fupi, na hiyo wape watoto, wataipenda. Sharti langu kwao ni moja: mikono si mchezo. Anayemchezesha kipaka kwa vidole anamfundisha kuwa ngozi ni halali, na atakapokuwa na kilo nne mtajuta. Mkimaliza, fimbo na kamba vifungiwe kabatini. Paka akimeza uzi, unaweza kujikunja kwenye utumbo na kuukata.

Wapo watakaokushauri uongeze kipaka wa pili ili wachezeane na kufundishana. Kwa kawaida nawaunga mkono, vipaka wawili wa rika moja hawamalizii hamu yao kwa mbwa. Lakini kwenu sasa hivi, hapana. Sababu ni Nyota.

Najua umemweka mwishoni kwa kuwa hana makelele. Kwangu mimi, yeye ndiye aliyenikosesha usingizi niliposoma barua yako. Bosi anazungumza na Cheche. Nyota hazungumzi naye, anamlenga. Kukakamaa, masikio mbele, macho yasiyopepesa, kutetemeka, kutosikia jina lake: mbwa anayetaka mchezo hafanyi hivyo. Anayetaka mchezo huwa legelege, anainamisha kifua na kuacha makalio juu, anaruka kando, anasimama na kumpisha mwenzake amkimbize na yeye. Mkia kutikisika usikudanganye, mbwa hutikisa mkia pia anapojiandaa kushika. Watoto walioona mchezo pale kwenye kabati waliona windo. Hiyo haimfanyi Nyota kuwa mbwa mbaya, ni silka ambayo mbwa wengi wanayo na wengi wanafundishika. Ila kwa mbwa, kumkamata kipaka na kumtikisa mara moja ni kazi ya sekunde mbili, na hakuna kinachoweza kurekebishwa baada ya hapo.

Kwa hiyo, kuanzia leo, Nyota na Cheche hawakai chumba kimoja bila mtu mzima, na Nyota akiwa na Cheche avae kamba. Wazo la mama mkwe la kuwafungia pamoja usiku kucha lishukuru, kisha uliache lilipo. Kufungiwa hakupatanishi wanyama. Huwaondolea njia ya kukimbilia.

Rudi nyuma, uanze kuwatambulisha kana kwamba Cheche ameingia jana. Mpe chumba chake chenye mlango unaofungika, maji, kitanda, beseni la mchanga na mahali pa juu pa kupanda. Chukua kitambaa alicholalia ukiweke karibu na sahani ya Nyota, na kitambaa cha Nyota ukipeleke kwa Cheche, wazoeane kwa pua kwanza. Walishe kila mmoja upande wake wa mlango uliofungwa, sahani zikianza mbali na kusogezwa kadiri wanavyotulia. Nyota akiweza kula bila kukodolea mlango, fungua mwanya mdogo na uweke kizuizi ambacho kipaka hawezi kukipenya.

Ndipo ije kamba. Mtembeze Nyota kwanza apunguze nguvu, kisha aingie, Cheche akiwa upande wa pili wa chumba, ikiwezekana juu ya meza. Nyota akimtazama Cheche, subiri. Sekunde atakayoyaondoa macho na kukuangalia wewe, mpe kipande cha kitu anachokipenda kuliko vyote. Akimtazama tena, akakuangalia tena, mpe tena. Unachokifundisha ni kwamba paka akionekana, faida iko kwako. Asipoweza kuyaondoa macho, usimvute wala kumfokea, mko karibu mno. Rudi nyuma hatua kadhaa mpaka akili imrudie. Vipindi viwe vifupi, dakika chache, na vikomeshwe mambo yakiwa bado mazuri. Usimshikilie Cheche mikononi mbele ya Nyota. Akishtuka atakuparura wewe na kuruka, na kuruka kwake ndiko kunakomwasha Nyota. Watoto wasimkimbize Cheche ndani ya nyumba kwa sababu hiyohiyo.

Kazi hii huchukua wiki, mara nyingine miezi. Usiharakishe kwa sababu siku mbili zimekwenda vizuri.

Kuhusu nyumba yenyewe, kanuni yangu ni kuwa mzee asilazimike kuhama. Bosi amekuwa akifukuzwa kona hadi kona ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mchagulie mahali ambapo Cheche hafiki, na kwa kuwa paka hupanda kila kitu, hapo lazima pawe na mlango wa kufungwa hasa. Usiku alale huko na Nyota wake, na Cheche alale kwake. Hilo peke yake litamrudishia Bosi usingizi, na mbwa mzee aliyelala vizuri huwa na subira tofauti kabisa. Cheche naye awe na njia za juu, rafu, kabati, dirisha, ili akitaka kupita asilazimike kukatiza miguuni mwa Nyota. Mkiwa pamoja na ukamwona anashusha kifua kuelekea mkia wa Bosi, usipige kelele wala kumrushia maji. Burura kile kitambaa sakafuni, atabadilisha windo. Ukichelewa, mbebe umtoe chumbani dakika chache, kimya kimya. Mchezo ukizidi, unaisha. Hilo ndilo somo alilolikosa kwa ndugu zake.

Na jambo moja ambalo huwachanganya wengi: Cheche akilala chali mbele ya mbwa hajasalimu amri. Mbwa akifanya hivyo mara nyingi anaomba amani. Paka akilala chali ana kucha za miguu yote minne tayari. Kwa hiyo mkatie ncha za kucha kila baada ya wiki mbili hivi, ile sehemu nyeupe tu, usiguse ya pinki yenye damu. Kucha ya kipaka ikipita juu ya jicho la mbwa huacha kidonda kibaya, na Bosi hana jicho la kupoteza.

Chakula ulichouliza: ndiyo, kuna ubaya, ingawa haujitokezi upesi. Paka anahitaji kirutubisho kiitwacho taurini, ambayo mwili wake hauitengenezi ya kumtosha, na chakula cha mbwa si lazima kiwe nayo kwa kiasi anachohitaji paka. Paka anayekula cha mbwa tu kwa muda mrefu anaweza kupofuka na moyo wake kudhoofika. Kuonja leo na kesho hakumdhuru, kukifanya ndiyo mlo wake ndiko kubaya. Kinyume chake, chakula cha paka kina mafuta na protini nyingi, na mbwa wakikivamia hunenepa au kuugua kongosho. Kilo zilizozidi ni adui wa nyonga za Bosi. Mlishe Cheche juu, mahali Nyota hafiki, na uondoe sahani za mbwa wakishamaliza. Beseni la mchanga nalo lifiche, maana mbwa wengi huona yaliyomo ni kitoweo.

Ukienda kwa daktari mpeleke na Cheche pia. Chanjo zake, ya kichaa cha mbwa ikiwemo, dawa ya minyoo, na mpange siku ya kumfunga kizazi. Hukuniambia ni dume au jike. Kama ni jike, fanyeni haraka, kwani paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na sidhani kama Bosi atapenda kupata Cheche wengine watano.

Mume wako usimlaumu sana kwa kutaka paka aondoke. Mwombe akupe muda, na mkubaliane mapema mtakachokiangalia. Kwa Bosi, mkimwona analala ubavu, miguu imenyooka, huku Cheche yuko chumba hichohicho, mambo yanakwenda. Kwa Nyota, angalieni kama macho yanaondoka kwa Cheche yenyewe, bila kuitwa. Kama baada ya miezi ya mazoezi ya kweli bado anakakamaa na kutetemeka vilevile, mtafute mtaalamu wa tabia za wanyama kupitia daktari wako. Naye akisema haifai, Cheche ndiye wa kutafutiwa nyumba nyingine, si mbwa, kwa kuwa bado ni mdogo na atazoea haraka. Asirudi tu alikotoka. Atafutiwe nyumba yenye kipaka mwingine wa rika lake, mwenye meno ya kumjibu.

Ukishatoka kwa daktari niandikie alichosema kuhusu nyonga za Bosi, na uniambie ni upande gani Cheche anapenda kurukia.

Shangazi